Siku Moja Nevis: Panga Kuanzia Boti ya Mwisho

Ukisimama kwenye ufuo wa Cockleshell, ncha ya kusini ya Saint Kitts, Nevis iko mbele ya uso wako: mlima mmoja mkubwa umechomoza baharini, vijiji vimeuzunguka chini, na wingu jeupe limekaa kileleni karibu siku nzima. Kati yako na mlima huo kuna mlango wa bahari wa kama kilomita 3 tu. Ukaribu huo ndio unaowaponza wageni. Mtu hujiambia kisiwa kiko hapo hapo, atavuka akitaka na kurudi akitaka. Anaamka kwa raha zake, anafika gatini saa tano, anavuka, anakula, anatazama saa, anarudi. Kesho yake anasimulia kwamba Nevis hakuna kitu.

Kitu kipo, tena kingi kuliko siku moja inavyoweza kubeba. Kinachotakiwa ni kuipanga siku kinyumenyume: kwanza ujue boti ya mwisho inaondoka saa ngapi, ndipo urudi nyuma saa kwa saa mpaka muda wa kuamka. Ninawaandikia hasa Waswahili wanaojikuta upande ule wa dunia kwa sababu mbalimbali: vijana wetu wanaofanya kazi kwenye meli za kitalii na kupewa saa chache za kushuka, wanaosoma chuo cha tiba ya mifugo cha Ross pale Saint Kitts, na familia zinazoishi Marekani, Kanada na Uingereza ambazo zimejichangia likizo ya Karibi.

Kwanza, makaratasi na pesa

Saint Kitts na Nevis ni nchi moja, iliyopata uhuru kutoka Uingereza tarehe 19 Septemba 1983. Ukivuka kwenda Nevis hupiti uhamiaji wala hugongewi muhuri. Beba kitambulisho na nakala ya pasipoti, yatosha. Pasipoti yenyewe iache mahali salama, isije ikalowa kwenye boti. Shughuli zote za makaratasi ziko kwenye kuingia Saint Kitts. Anayetoka Afrika Mashariki kwa kawaida hupitia London, Miami au New York, na hapo ndipo viza ya kupita njiani inapomkwamisha mtu ambaye ameshalipia hoteli. Uliza ubalozini masharti ya pasipoti yako kabla ya kununua tiketi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau, maana anayetoka nchi zenye ugonjwa huo hudaiwa.

Nevis, hata hivyo, ina bunge lake dogo na kiongozi wake wa serikali. Tarehe 10 Agosti 1998 wananchi walipiga kura ya kujitenga na Saint Kitts. Karibu asilimia 62 walisema ndiyo, na ilitakiwa theluthi mbili. Kisiwa ni cha kilomita za mraba 93 na watu kama 12,000, nao wana fahari yao. Usimwambie dereva wa teksi wa Charlestown, mji mkuu wa Nevis, kwamba umekuja kuona "upande wa pili wa Saint Kitts". Umekuja Nevis.

Pesa ni dola ya Karibi Mashariki. Tangu 1976 imefungwa kwenye kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani, kwa hiyo hesabu haikuchanganyi ukishaijua. Kinachochanganya ni kwamba dola za Marekani hupokelewa karibu kila mahali, na muuzaji akikwambia "thelathini" hujui ni thelathini ya wapi. Uliza kila mara, kabla hujakaa na kabla hujapanda: dola gani? Chenji utarudishiwa ya huko. Beba noti ndogo ndogo, kwa sababu mwenye kibanda cha maji ya madafu hana chenji ya 100.

Njia tatu za kuvuka

Njia ya kwanza, ambayo wenyeji wenyewe huitumia kwenda kazini na shuleni, ni boti ya abiria kutoka gati la Basseterre, upande wa Saint Kitts, mpaka Charlestown. Safari huchukua kama dakika 45, pengine saa nzima kutegemea boti na bahari. Ina faida mbili: ni nafuu kuliko nyingine, na inakushusha katikati ya mji. Meli za kitalii hutia nanga Port Zante, na kutoka hapo mpaka gati la boti ni mwendo mfupi wa miguu.

Njia ya pili ni feri ya magari, inayotoka Major's Bay kusini mwa Saint Kitts mpaka Cades Bay, kaskazini magharibi mwa Nevis. Inavuka kwa muda mfupi zaidi. Hii ni ya mwenye gari la kukodi aliyeruhusiwa na mwenye gari kulivusha, jambo ambalo ni lazima uliulize kabla ya kutia saini. Kama unaanzia Basseterre, kumbuka kuhesabu pia muda wa kuendesha mpaka Major's Bay. Barabara ile ya rasi ni ya milima, na mtu hutamani kusimama kila kona kupiga picha.

Ya tatu ni boti ndogo za teksi zinazovuka kutoka fuo za kusini mwa Saint Kitts kwenda ufuo wa Oualie, upande wa Nevis. Hizi hukodishwa, huvuka kwa dakika chache tu, na bei yake huwa nzuri mkiwa kundi. Mtu mmoja peke yake ataumia mfuko.

Kwa siku moja mimi nachagua boti ya Basseterre. Nenda gatini jana yake, mwenyewe kwa miguu yako, ukasome ratiba iliyobandikwa na umuulize mkata tiketi kama kesho kuna mabadiliko. Ratiba hubadilika kati ya siku za kazi, Jumapili na sikukuu, na boti ikienda matengenezo safari huunganishwa. Ulichokiona kwenye simu huenda ni cha mwaka juzi. Andika saa mbili kwenye karatasi: saa ya boti ya mwisho, na saa ya ile inayotangulia ya mwisho. Hiyo inayotangulia ndiyo yako. Ya mwisho iache iwe akiba, ya kukuokoa pancha ikitokea au mvua ikikukamata Gingerland, kwenye miinuko ya kusini ya Nevis.

Kwa mabaharia na abiria wa meli kuna tahadhari ya ziada. Saa ya meli na saa ya nchi si lazima zilingane. Saint Kitts na Nevis iko saa 7 nyuma ya Afrika Mashariki mwaka mzima, haibadilishi majira. Meli inaweza kubaki na saa ya bandari ilikotoka. Kabla hujashuka, linganisha saa yako na ya mlangoni, na uamue utafuata ipi kutwa nzima. Meli yako ikiondoka kabla ya saa kumi na moja jioni, Nevis ya kujipangia mwenyewe ni ya kufikiri mara mbili: utapata Charlestown na ufuo, hutapata mzunguko wa kisiwa.

Saa zenyewe

Tuseme umepanda boti ya saa moja au saa mbili asubuhi (7:00 au 8:00). Kaa upande unaotazama nchi kavu ya Saint Kitts, uone rasi inavyopita mpaka mlima wa Nevis unapoanza kuijaza anga. Boti ikitoka kwenye kinga ya rasi na kuingia kwenye mlango wa bahari, mawimbi ya Atlantiki huingia kwa ubavu. Mwenye kichefuchefu ameze dawa nusu saa kabla, akae nyuma karibu na usawa wa maji, na atazame upeo wa macho, asiangalie simu. Desemba hadi Februari upepo huwa mkali zaidi. Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga. Safari za siku moja hufanyika kama kawaida, lakini fuatilia utabiri wa hali ya hewa tangu siku tatu kabla.

Gatini Charlestown madereva watakungoja. Teksi hazina mita. Nauli hupangwa rasmi kwa kila eneo na kwa mzunguko wa kisiwa. Omba kuona orodha, kisha mkubaliane mambo manne kwa kutamka: dola gani, bei ni ya gari au ya kichwa, kusubiri kumo au hakumo, na mtarudi gatini saa ngapi. Dereva wa teksi Nevis mara nyingi ndiye mwongozaji bora utakayempata, na ukimwambia mapema unapenda nini, atakupanga vizuri kuliko kitabu.

Ukitaka kuendesha mwenyewe, huko wanaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, na utahitaji kibali cha muda cha udereva ambacho wenye magari ya kukodi hukusaidia kukipata. Barabara kuu inayozunguka kisiwa ni kama kilomita 33. Bila kusimama unaimaliza kwa saa moja na kitu, ingawa mbuzi, kondoo na punda hulala barabarani kwa starehe zao, na hawaondoki kwa honi.

Mwenye bajeti ndogo atapanda basi dogo. Ni daladala kabisa: jina limeandikwa kiooni, muziki upo, linaondoka likijaa, unashuka kwa kumwambia dereva. Tofauti ni moja tu, nayo ni muhimu: ukiingia, salimia. "Good morning" kwa abiria wote, nao wataitika kwa pamoja. Asiyesalimu huonekana hana malezi, basini na dukani vilevile, na huduma anayoipata hufanana na salamu aliyoitoa. Mabasi ni mengi upande wa Charlestown, Gingerland na Newcastle. Upande wa mashariki ni ya kubahatisha, na jioni hupungua kila mahali. Anayetegemea basi asijaribu kuzunguka kisiwa. Aende Gingerland, arudi, amalizie mjini.

Mlima uwe mkono wako wa kushoto

Hili ndilo shauri langu kubwa kuhusu njia. Ukitoka gatini, watu wengi hugeuka kaskazini moja kwa moja kwenda ufuo wa Pinney's, kwa sababu uko karibu na unapendeza. Ukishalala kwenye mchanga ule saa nne asubuhi, siku imekwisha. Geuka kusini. Zunguka kisiwa mlima ukiwa mkono wako wa kushoto: asubuhi upite miinuko ya kusini jua likiwa bado la upole, adhuhuri uwe upande wa mashariki wenye upepo, alasiri ushuke magharibi kwenye ufuo, dakika chache tu kutoka gatini. Hapo hata ukichelewa, umechelewa karibu na boti.

Usiweke vituo zaidi ya vinne; chagua kati ya hivi. Kanisa la Mtakatifu Yohana la Fig Tree ni la kusimama robo saa: humo kuna kumbukumbu ya ndoa ya Horatio Nelson na Frances Nisbet, waliofunga ndoa tarehe 11 Machi 1787 kwenye shamba la Montpelier lililo jirani. Karibu na hapo kuna bustani ya mimea ya Nevis, nzuri kwa wenye watoto. Kisha unapanda Gingerland, ambako nyumba za mashamba ya zamani ya miwa zimegeuzwa hoteli: Hermitage, yenye nyumba ya mbao inayohesabiwa miongoni mwa nyumba kongwe kabisa za mbao katika Karibi, na Golden Rock, yenye bustani kwenye miteremko na mnara wa kinu cha sukari. Unaweza kuingia kunywa chai au juisi bila kulala hapo. Ukiwa unakunywa, kumbuka kwamba mawe ya majengo yale yalichongwa na kubebwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu. Tangu miaka ya 1670 mpaka miaka ya 1730 hivi, Nevis ilikuwa kituo kikuu cha biashara ya watumwa katika visiwa vyote vya Leeward. Vipeperushi vya hoteli hupita juu juu hapo.

Golden Rock ndipo pa kuwaona nyani wadogo wa kijani, hasa asubuhi na jioni. Uso mweusi, mkia mrefu, macho ya wizi: kwa macho yetu ni tumbili. Ni ndugu wa karibu wa tumbili wetu, walioletwa kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 17, wakatoroka na kuzaana msituni. Wageni hucheka wakiwaona. Wakulima wa Nevis hawacheki, kwa sababu embe na mboga zao huliwa kabla ya kuvunwa. Usiwape chakula. Kutoka hapo hapo kuna njia ya miguu kuingia msitu wa mvua, ya kwenda na kurudi kwa mwendo wa kawaida. Ukiitaka, ondoa kituo kingine.

Kilele chenyewe, chenye mita 985, usikiweke kwenye safari ya siku moja. Ni saa nne, tano za matope, mizizi na kamba, lazima na mwongozaji, na ukishuka miguu haikubali kitu kingine. Tena mara nyingi juu kuna wingu tu.

Upande wa mashariki ni joshini, ndiko upepo na mawimbi ya Atlantiki yanakopiga. Tazama, piga picha, usiogelee. Ukipenda mashine na historia, simama kwenye magofu ya kiwanda cha sukari cha New River, ambacho kilikuwa bado kinafanya kazi miaka ya 1950. Matangi na mitambo ya mvuke imebaki ikiota kutu kati ya majani.

Kituo ambacho sitakubali ukiruke kiko kaskazini magharibi, si mbali na uwanja wa ndege wa Newcastle. Ni gofu la kanisa dogo la mawe, Cottle Church. Thomas Cottle alikuwa mwenye shamba la miwa, na mwaka 1824, miaka 10 kabla ya utumwa kufutwa katika makoloni ya Uingereza, alijenga kanisa ili familia yake na Waafrika aliowamiliki wasali chini ya paa moja. Wakati huo watumwa hawakuruhusiwa kusali pamoja na mabwana zao, na jengo halikuwahi kuwekwa wakfu na kanisa. Leo halina paa. Kuta zimebaki, na madirisha yake yamejaa miti. Ukisimama ndani utagundua jinsi lilivyo dogo: waumini wote wangegusana mabega. Cottle aliwapa nafasi kanisani na akaendelea kuwamiliki. Yote mawili ni kweli, na gofu lile linayashika pamoja kuliko maelezo ya makumbusho yoyote. Lipe dakika 20 bila simu.

Chakula, ufuo, na maji ya moto

Kula mchana kabla ya kufika ufuoni, kwenye kibanda au mgahawa wa barabarani, ambako chakula kinapikwa kwa ajili ya wenyeji. Uliza kama leo kuna "goat water", mchuzi mwepesi wa mbuzi ulioungwa kwa karafuu na majani ya thaimu, wenye vipande vya shelisheli na madonge ya unga. Aliyekulia Unguja, Pemba au Lamu hatahitaji kuelezwa shelisheli, lakini karafuu ndani ya mchuzi wa mbuzi itamshangaza kwa namna nzuri. Kuna pia samaki wa chumvi na ndizi za kukaanga. Mei mpaka Agosti ni msimu wa maembe, na Julai hufanyika tamasha la maembe. Kisiwa kina aina zaidi ya 40. Mwislamu aulize moja kwa moja kuhusu nyama na kuhusu ramu, kwa sababu ramu huingia hata kwenye keki na michuzi. Samaki wa kuchoma na shelisheli ndicho chakula kisicho na wasiwasi.

Ufuo wa Pinney's una urefu wa zaidi ya kilomita 6, upande wa demani, usiopigwa na upepo, maji yametulia na mchanga wake ni wa rangi ya dhahabu iliyokolea. Vibanda vya vinywaji vimejipanga. Ukinunua kinywaji kwa kawaida unaruhusiwa kukaa kwenye viti, ila uliza kwanza. Jambo la usalama ambalo wageni hawaambiwi: kwenye fuo za Karibi huota mti uitwao manchineli, wenye majani ya kijani yanayong'aa na matunda madogo yanayofanana na tofaa. Tunda lake ni sumu, utomvu wake huunguza ngozi, na mvua ikinyesha hata matone yanayodondoka kutoka majanini hutoa malengelenge. Mara nyingine shina hupakwa alama nyekundu, mara nyingine halina alama. Watoto wasiokote tunda lolote ufuoni, na mvua ikija kimbilia kibandani, usikimbilie mtini. Ukimaliza kuogelea, vaa nguo kamili kabla ya kurudi mjini. Nguo za kuogelea huishia ufuoni.

Bado una saa moja na nusu? Rudisha gari au agana na dereva, utembee. Charlestown ni mji wa kuzunguka kwa miguu. Nyumba ya mawe ya ufukweni, yenye makumbusho ya historia ya Nevis, imejengwa upya mahali panapotajwa kuwa alipozaliwa Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, yule aliye kwenye noti ya dola 10. Ghorofani hukutana bunge la kisiwa. Kwa mwenye haraka inatosha kuiona kwa nje.

Mimi ningeutumia muda huo kwenye kijito cha Bath, mwendo wa robo saa hivi kusini mwa gati. Juu yake kuna jengo kubwa la mawe la hoteli ya Bath, iliyojengwa 1778 kwa ajili ya matajiri waliovuka bahari kuja kuoga. Chini, kijito chenyewe hakina kiingilio. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 40 na zaidi, kwa kuwa mlima wa Nevis ni volkano iliyolala. Utakuta wenyeji, hasa wazee, wameketi mpaka kiunoni, taulo begani, wakizungumza. Salimia kwanza, uliza kama kuna nafasi. Kisha ingia kidogo kidogo: vidole, kifundo, goti, ukae, utoke, upumue, urudi. Dakika 10 zinatosha kwa mara ya kwanza. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wasiingie kabisa, na kila mtu anywe maji kabla ya kutembea kurudi gatini, kwa sababu kizunguzungu huja ukisimama, si ukiwa umekaa.

Mfuko wako uwe mwepesi: maji, kofia, mafuta ya kukinga jua, dawa ya mbu (malaria hakuna, homa ya dengi ipo), kanga au kikoi cha kujifuta na kujisitiri, viatu vya kufunga, koti jepesi la mvua, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu. Epuka Jumapili kama unaweza, kwani maduka mengi hufungwa na boti hupungua.

Safari ya kurudi

Fika gatini nusu saa kabla. Tiketi ya kurudi uwe umeikata asubuhi pale pale Basseterre kama inauzwa, na kama sivyo, mara tu unaposhuka Charlestown. Boti ikiahirishwa au ukiikosa kabisa, mpigie dereva wako akupeleke Oualie mapema, kabla ya giza, ukaulize boti ya teksi. Ikishindikana, tafuta nyumba ya wageni ulale. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Tarehe 1 Agosti 1970, Jumamosi ya mwisho wa wiki wa sikukuu ya ukombozi wa watumwa, boti ya serikali iitwayo Christena iliondoka Basseterre kwenda Charlestown. Iliruhusiwa kubeba watu 155. Siku hiyo ilibeba zaidi ya 300, kwa sababu kila mtu alitaka kufika nyumbani kwa sikukuu na hakuna aliyetaka kubaki gatini. Ilizama kabla ya kufika. Watu 233 walikufa, na kwenye kisiwa kidogo vile hapakuwa na ukoo ambao haukuguswa. Charlestown kuna mnara wa kumbukumbu yao. Ukiwa na dakika tano kabla ya boti, nenda ukausome.

Sisi hatuhitaji kufafanuliwa. MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018: kila mara hadithi ilikuwa ya chombo kilichobeba kupita uwezo wake, na watu waliojiambia kwamba ni mwendo mfupi tu. Boti za leo za Nevis ni nyingine, na abiria huhesabiwa. Lakini wikiendi ya mwanzo wa Agosti, wakati wa tamasha la Culturama, na jioni za sikukuu nyingine, gati hujaa. Ukipanda, tazama jaketi la kuokolea liko wapi na mlango wa kutokea uko wapi, na mtoto umkalishe karibu yako. Ukiona watu wanazidi viti na bado wanapakiwa, shuka. Usione haya mbele ya wenzako, usihesabu nauli uliyolipa. Subiri inayofuata, au lala Nevis.